Kifafa Kikipita Dakika Tano: Ya Kufanya na Yasiyofaa Kufanywa

Maagizo haya ni ya kila mtu anayeishi na mgonjwa wa kifafa, anayemfundisha darasani, anayembeba kwenye bodaboda au anayelala naye chumba kimoja, kuanzia Likuyani hadi Khwisero, kaunti nzima ya Kakamega. Yameandikwa kwa ukali kwa sababu jambo lenyewe halisubiri mtu. Kifafa kwa kawaida huisha chenyewe ndani ya dakika mbili au tatu. Kisipoisha, kimekuwa ugonjwa mwingine kabisa. Mwaka 2015 shirika la kimataifa la wataalamu wa kifafa, ILAE, lilitaja mipaka miwili kwa kifafa cha kukakamaa na kutukutika. Kikifika dakika 5, matibabu ya dharura yaanze. Kikifika dakika 30, tarajia madhara ya kudumu katika ubongo.

Sasa pima mwenyewe. Mtoto anaanguka kijijini Shinyalu au Navakholo, mvua imenyesha, barabara ni tope. Hospitali Kuu ya Rufaa na Mafunzo ya Kaunti iko mjini Kakamega. Zile dakika 25 zilizo kati ya mpaka wa kwanza na wa pili zinaweza kuishia njiani zote. Ndiyo maana mengi ya maagizo haya ni ya nyumbani.

TAZAMA SAA

Hili ni la kwanza na halina mjadala. Mara mtu anapoanguka, mmoja wenu atoe simu na aseme saa kwa sauti: "Imeanza saa tatu na dakika kumi." Wasio na saa husema baadaye kwamba kilichukua saa nzima, au kwamba kilikuwa kidogo tu, na muuguzi hawezi kutibu kwa makisio. Ikifika dakika ya tano, usafiri uwe umeshaitwa. Bodaboda humbeba mgonjwa anayetukutika vibaya sana. Tafuta Probox ya jirani, au gari lolote ambalo anaweza kulazwa ubavu ndani yake.

Usingoje hata hizo dakika tano ikiwa ndiyo mara yake ya kwanza, ikiwa ni mjamzito, ikiwa ana kisukari, ikiwa ameanguka majini au kuumia kichwa, au ikiwa kifafa kimeisha na kingine kimeanza kabla hajapata fahamu. Kurudiarudia bila kuzinduka ni sawa na kifafa kimoja kirefu. Wengi hudanganyika hapo, wakidhani kila kimya kifupi ni nafuu.

MLAZE UBAVU

Ondoa stuli, jiko, panga, sufuria ya moto. Weka kitu laini chini ya kichwa: sweta, leso iliyokunjwa, hata mkono wako. Legeza kola, tai ya shule, mkanda. Mgeuze alalie ubavu, goti la juu likunjwe, mdomo uelekee chini ili mate na matapishi yatoke nje badala ya kuingia mapafuni. Ikiwa mwili umekakamaa mno, subiri ulegee kidogo ndipo umgeuze. Kisha kaa naye. Mtukutiko ukikoma atakoroma, atachanganyikiwa, pengine atakuwa amejikojolea. Mfunike. Watawanye wanaotazama, hasa wenye simu za kupiga picha.

USITIE KITU CHOCHOTE MDOMONI

Si kijiko, si mti, si kitambaa, si kidole chako. Mtu hawezi kumeza ulimi wake; ulimi umeshikwa chini ya kinywa. Anaweza kuuma pembeni mwa ulimi, na jeraha hilo hupona. Jino lililovunjwa na kijiko cha chuma halipoi, na kipande chake kikivutwa ndani ya koo kinaweza kuua mtu ambaye kifafa chenyewe kisingemwua. Nimeona kinywa cha kijana wa shule ambaye meno yake mawili ya mbele yalikatwa nusu kwa njia hii. Aliyeyakata ni mtu aliyempenda.

Usimpe maji. Usimpe sukari wala tembe kinywani wakati hajitambui. Usimnusishe petroli, kitunguu wala kiatu. Usimchanje. Usimkandamize mikono na miguu ili atulie, kwa maana msuli unaovutana na mikono yako huweza kuvunja mfupa au kung'oa bega.

USIMKIMBIE

Mate ya mgonjwa wa kifafa hayaambukizi. Mkojo wake hauambukizi. Hewa inayomtoka haiambukizi. Sijui maneno mengine ya kulisema hili kwa upole, na sitaki kuwa mpole: watu wameachwa wakaungua kwenye mafiga huku jamaa zao wamesimama mlangoni wakiogopa kuwagusa.

ELEWA KINACHOTENDEKA KICHWANI

Wengi hutii amri ya dakika tano wakijua sababu yake, kwa hiyo someni sehemu hii pole pole.

Seli za ubongo huwasiliana kwa kemikali. Glutameti huamsha, gaba hutuliza. Diazepamu, dawa ya dharura iliyo rahisi kupatikana kwetu, hufanya kazi kwa kuipa nguvu gaba kwenye vipokezi vyake juu ya seli. Kifafa kinapoendelea, vipokezi hivyo vya gaba huvutwa kutoka juu ya seli na kuingizwa ndani, na baadhi ya vile vya glutameti huongezeka juu. Basi kipimo kile kile cha diazepamu ambacho kingemtuliza mtoto katika dakika ya sita huenda kisimsaidie katika dakika ya arubaini. Dawa haikuharibika. Mahali pa kushika ndipo palipopungua.

Ubongo una kinga nyingine, na hii ndiyo inayozungumzwa sana siku hizi, mara nyingi kwa makosa. Mwaka 1990 Lisa Matsuda na wenzake huko Marekani walitambua kipokezi ambacho kemikali kuu ya bangi, THC, hushika ndani ya ubongo. Kikaitwa CB1, kipokezi cha kanabinoidi. Miaka miwili baadaye, katika maabara ya Raphael Mechoulam mjini Jerusalem, ikapatikana kemikali ambayo ubongo wenyewe huitengeneza na ambayo hushika kipokezi hicho hicho: anandamaidi. Maana yake ni kwamba ubongo una kanabinoidi zake, hata katika kichwa cha mtu ambaye hajawahi kuona jani la bangi.

Kemikali hizi hutumika kama breki. Seli inayopokea ujumbe mwingi kupita kiasi hutengeneza kanabinoidi papo hapo na kuirudisha nyuma kwa seli iliyotuma. Ikifika, inashika CB1 na mtumaji anapunguza glutameti. Mwaka 2003 Giovanni Marsicano na wenzake walichapisha matokeo ya panya walioondolewa CB1 katika seli kuu za ubongo wa mbele. Walipopewa sumu ya kuleta kifafa, walipatwa na kifafa kikali kuliko panya wenzao, na seli nyingi zaidi zikaharibika. Na mwaka 2008 watafiti wa Budapest walichunguza vipande vya hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu, vilivyotolewa kwa upasuaji kwa watu wenye kifafa sugu. Kwenye ncha za seli zinazotoa glutameti, CB1 ilikuwa imepungua sana. Kifafa cha muda mrefu na kupotea kwa kinga hii vilikuwa vimekaa mahali pamoja.

Jambo la tatu ni otofajia. Seli hukusanya protini zilizoharibika na mitambo yake iliyochakaa, huzifunga ndani ya utando, huzivunja na kutumia upya kilichobaki. Yoshinori Ohsumi wa Japani alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2016 kwa kufichua jinsi kazi hii inavyoendeshwa, akianzia kwenye chachu. Seli za ubongo zinaihitaji kuliko nyingi, kwa kuwa hazigawanyiki ili zile mpya zichukue nafasi ya zilizochoka. Mwaka 2006 timu mbili za Kijapani zilizima jeni za otofajia katika seli za ubongo wa panya, kila timu jeni yake. Panya hao walishindwa kutembea sawasawa, na seli zao zikajaa takataka za protini na kufa.

Baada ya kifafa kirefu, dalili za otofajia hupanda ndani ya saa chache katika hipokampasi ya panya. Hapo ndipo wataalamu wanapobishana. Wapo wanaosema seli inajiokoa. Wapo wanaosema kazi hii ikizidi, au ikianza bila kumalizika, inakuwa sehemu ya kifo cha seli. Tena mwaka 2009 watafiti wa Madrid walionyesha kwamba THC, ikiwekwa kwenye seli za saratani ya ubongo, huamsha otofajia hiyo hiyo na kuzifanya zife. Kipokezi ni kimoja na kazi ni moja, lakini matokeo hutegemea seli, kipimo na wakati. Mtu akikwambia kwamba bangi "husafisha ubongo" baada ya kifafa, muulize anazungumzia seli gani, ya nani, saa ya ngapi baada ya mtukutiko kuanza.

Na asije mtu akadhani kwamba kinachoharibu ubongo ni kukosa pumzi peke yake. Mwaka 1973 Brian Meldrum na wenzake jijini London walichapisha uchunguzi wa nyani waliopatwa na kifafa kirefu, wengine wakiwa wamelegezwa misuli na kusaidiwa kupumua kwa mashine. Seli za hipokampasi ziliharibika hata kwa hawa waliosaidiwa. Umeme wa kifafa chenyewe unaua seli. Kumpepea mgonjwa na kumfungulia dirisha hakutoshi.

USIMPE BANGI, WALA MAFUTA YANAYODAIWA KUTOKANA NAYO

Tangu habari za vipokezi hivi zisambae, wapo wanaochemshia watoto majani chai, na wapo wanaouza chupa ndogo za mafuta kwa bei kubwa. Acheni.

Sababu ya kwanza iko ndani ya ubongo wenyewe. Kanabinoidi ya mwili hutengenezwa pale tu seli inapolemewa, na huvunjwa upesi. THC hufurika kila mahali kwa saa nyingi. Tena katika hipokampasi CB1 imejaa zaidi kwenye seli za gaba, zile zinazotuliza, kuliko kwenye zile zinazoamsha. Ukizizima za kutuliza, umesaidia nani? Kemikali za kutengenezwa viwandani zinazoiga bangi zimeripotiwa mara nyingi kuleta kifafa kwa watu ambao hawakuwa nacho.

Ya pili: kuna dawa halali itokanayo na mmea huo, nayo haifanani na chai ya majani. Ni kanabidioli iliyosafishwa, jina lake la biashara Epidiolex. Marekani iliiidhinisha Juni 2018 kwa aina mbili za kifafa kikali cha utotoni, Dravet na Lennox-Gastaut. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2017 kwa wagonjwa 120 wa Dravet, waliopewa dawa hiyo walishuka kutoka wastani wa vifafa 12.4 kwa mwezi hadi 5.9, hali waliopewa dawa bandia walibaki karibu pale pale. Ni faida ya kweli. Lakini kanabidioli haifanyi kazi yake kwa kushika CB1 kama THC. Ni dawa ya kila siku inayopandishwa kipimo kidogo kidogo, hivyo haimsaidii aliyeanguka sasa hivi. Na ikichanganywa na valproeti, dawa nyingine ya kifafa, inaweza kusumbua ini, ndiyo maana wanaoitumia hupimwa damu. Muuzaji wa chupa sokoni hapimi ini la mtu.

Ya tatu ni sheria ya Kenya ya mwaka 1994 kuhusu mihadarati. Bangi imekatazwa, na mzazi aliyekamatwa nayo hamsaidii mtoto kwa lolote.

USISEME "IKIZUIA KIFAFA, NI DAWA NZURI"

Hapa nataka msomaji akae kidogo, kwa sababu ushahidi umetoka Kenya hii hii, kwa watoto wetu wenyewe.

Fenobabitoni ni dawa ya kale. Imetumika kwa kifafa tangu mwaka 1912. Katika miaka ya tisini madaktari wa Kilifi waliona kwamba watoto wenye malaria ya ubongo hupata mitukutiko mingi, na kwamba wanaotukutika sana ndio wanaokufa au kubaki na ulemavu. Wakafikiri, kwa haki kabisa, kwamba kuizuia mapema kungewaokoa. Jane Crawley na wenzake wakaandaa jaribio la watoto 340. Nusu walipewa sindano moja ya fenobabitoni, nusu sindano isiyo na dawa. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2000. Mitukutiko ilipungua kweli. Vifo vikaongezeka maradufu: watoto 30 kati ya 170 waliopewa dawa walikufa, na 14 kati ya 170 wasiopewa. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa waliokuwa wamepewa pia diazepamu mara nyingi. Dawa hizo mbili pamoja hulegeza pumzi, na mashine za kupumulia hazikuwapo.

Hiyo ilikuwa dawa inayojulikana, mikononi mwa madaktari hodari, wodini. Halafu mtu ananiambia amesoma kwamba kipokezi fulani kwa panya kilipunguza vifo vya seli, na kwa hiyo ameanza kumchanganyia mwanawe majani kwenye uji. Hapana. Kati ya panya na mtoto wa Matungu kuna miaka ya majaribio, na kazi ya miaka hiyo ni kutafuta vifo kama vile 16 vya ziada kabla havijafika kijijini.

Sikatai sayansi ya maabara. Imeshatupa matunda. Mwaka 2009 kundi la Michael Wong huko St. Louis lilionyesha kwamba baada ya kifafa kirefu, njia ya mTOR, ambayo huzuia otofajia, huwaka kupita kiasi kwenye ubongo wa panya, na kwamba dawa ya kuizuia ilipunguza vifafa vya baadaye. Leo everolimusi, dawa ya jamii hiyo, imeidhinishwa Ulaya na Marekani kwa kifafa cha wagonjwa wa tuberasi sklerosisi. Imefika huko kwa kupimwa kwa watu, hatua kwa hatua. Vipokezi vya kanabinoidi vipite njia hiyo hiyo.

HOMA NA MTUKUTIKO: KIMBIA

Kakamega iko katika ukanda wa malaria wa Ziwa Victoria. Mtoto mwenye homa akitukutika, usimtumbukize kwenye maji baridi na usikae ukimtafutia aliyemroga. Mpeleke apimwe malaria na sukari ya damu siku hiyo hiyo, hata kama ameshatulia. Utafiti wa Kilifi uliochapishwa mwaka 2008 ulifuata matukio 388 ya kifafa kirefu kwa watoto. Asilimia 71 yalitokana na maambukizi, na asilimia 15 ya watoto walifia hospitalini. Wengine walikufa baada ya kurudi nyumbani.

Mtoto aliyelala fofofo na malaria anaweza kuwa anatukutika bila kurusha mikono. Tazama macho: yamegeukia upande mmoja? Kope zinapepesa? Mate yanachuruzika? Pumzi inakatika na kurudi? Kidole gumba kinacheza peke yake? Mwite muuguzi umwonyeshe. Mama aliyekaa kitandani usiku kucha huona mengi ambayo daktari wa mzunguko hakuyaona.

Walazeni watoto chini ya neti. Wapelekeni wapate chanjo ya malaria. Ilianza kutolewa Kenya Septemba 2019, na Kakamega ni miongoni mwa kaunti 8 za magharibi zilizohusishwa katika mpango huo wa kwanza. Anayekosa dozi ya mwisho, ya umri wa miaka miwili, hajamaliza.

USIKATIZE DAWA

Kuacha fenobabitoni ghafla ni njia mojawapo ya uhakika ya kuleta kifafa kisichokatika. Tembe zikibaki za wiki moja, nenda ukachukue nyingine. Usigawane na ndugu yako. Usipunguze mwenyewe kwa sababu miezi sita imepita salama. Usalama huo umeletwa na tembe.

Kuna misimu ya hatari. Matanga ni mojawapo: kukesha usiku mzima kwenye disko matanga, chang'aa ikizunguka, kisha kusahau tembe za asubuhi. Kukosa usingizi pekee huleta kifafa, na mlevi anayeacha pombe ghafla hutukutika hata kama hakuwahi kuwa mgonjwa. Nenda uzike, toa rambirambi, kisha urudi ulale. Msimu wa tohara wa Agosti ni mwingine: kijana anayekwenda jandoni aende na tembe zake, na mzee anayemlea ajue saa za kumpa. Waislamu wa Mumias wanaotaka kufunga Ramadhani wamwone daktari kabla ya mwezi kuandama, kwa maana saa za dawa hubadilika na si kila mgonjwa anaweza.

Wanaoombewa waombewe. Mchungaji anayemwambia mgonjwa atupe tembe ili kuonyesha imani anabeba damu ya mtu.

Mwanamke wa umri wa kuzaa anayetumia valproeti asiiache mwenyewe, ila amwone daktari mapema kabla ya kushika mimba. Dawa hiyo huweza kumdhuru mtoto tumboni.

MOTO, MTO NA NGURUWE

Mgonjwa wa kifafa asipike peke yake kwenye mafiga yaliyo wazi. Jiko liinuliwe au lizungushiwe ukuta wa udongo. Asichote maji wala kuoga peke yake Isiukhu, Lusumu au Nzoia. Asipande mti wa parachichi. Asiendeshe bodaboda, najua ndiyo kazi iliyobaki kwa vijana wengi, na bado nasema asiendeshe.

Nguruwe wafungiwe. Mayai ya tegu wa nguruwe yakimezwa kwa chakula au maji yenye kinyesi cha binadamu, minyoo wachanga hufika ubongoni na kuacha uvimbe unaoleta kifafa. Tegu huyu yupo magharibi mwa Kenya. Choo, sabuni na nyama iliyoiva ni kinga ya kifafa. Na ugonjwa unaweza kung'olewa: usubi ulioeneza minyoo ya upofu wa mtoni uliwahi kuwapo hapa Kakamega na Kaimosi, viluwiluwi wake wakishikamana na kaa wa mitoni, hadi James McMahon na wenzake walipoumaliza kwa DDT katika miaka ya arubaini na hamsini. Mahenge, Tanzania, na kaskazini mwa Uganda, minyoo hiyo imehusishwa na kifafa cha watoto. Sisi tumeepushwa.

KWA ALIYE ZAMU ZAHANATI

Usimwandikie rufaa mgonjwa anayetukutika kabla ya kumpa dawa ya kwanza. Karatasi ya rufaa haitulizi ubongo. Ukikosa mshipa, usipoteze dakika kumi ukiutafuta kwenye mkono unaorukaruka: diazepamu hupitishwa njia ya haja kubwa, miligramu 0.5 kwa kila kilo ya mtoto. Vuta dawa kwa sindano, toa ncha ya chuma, ingiza mpira mwembamba uliokatwa au mdomo wa bomba lenyewe, sukuma, kisha bana matako yake kwa muda ili isitoke. Pima sukari. Weka oksijeni. Andika saa. Ikiwa hakutulia baada ya dozi ya pili, usirundike ya tatu na ya nne. Dawa ya hatua inayofuata ianze, na pumzi yake itazamwe bila kuondoka kando yake. Kumbuka wale watoto wa Kilifi.

Katika hatua hiyo ya pili, jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2019 lililinganisha levetirasetamu, fosfenitoini na valproeti. Kila moja ilituliza karibu nusu ya wagonjwa, na hakuna iliyoshinda. Kwa hiyo tumia uliyo nayo, mapema.

MUULIZE ANAYESHIKA FEDHA

Afya ni jukumu la kaunti tangu mwaka 2013. Wiki hii, pita zahanati iliyo karibu nawe na uulize swali moja: diazepamu ya dharura ipo kabatini leo, na aliyepo zamu usiku anao ufunguo? Jibu likiwa hapana, liandike pamoja na tarehe. Katiba inakupa haki ya kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai 1. Nenda kwenye kikao cha maoni hayo katika wadi yako, simama, na uitaje dawa hiyo kwa jina mbele ya mwakilishi wako.